Nesi Aliyetufundisha Kusema

Ukitaka kumwona nesi yule akiwaka, mwambie mgonjwa wake "ihangane."

Kigali nzima inaishi kwa neno hilo. Ukijikwaa kwenye ngazi utaambiwa ihangane, ukifiwa utaambiwa ihangane, ukikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi na daktari asitokee utaambiwa ihangane, yaani vumilia, pole, jikaze. Chumbani mwake neno hilo lilikuwa marufuku. Siku moja mama mmoja alimnong'oneza neno hilo binti yake aliyekuwa analia kwa kuogopa sindano. Nesi akairudisha sindano kwenye sinia.

"Avumilie mpaka lini, mama?"

"Nilikuwa nambembeleza tu, muganga."

"Mwezi ujao atachomwa tena. Na mwezi utakaofuata. Atachomwa mpaka awe mtu mzima. Mwambie kwa nini anachomwa. Hiyo ndiyo pole anayoitaka."

Yule mama hakujua kwa nini. Basi wakaelezwa wote wawili, mama na mtoto, kwa ukali, kama wanafunzi waliochelewa shule.

Nimemkasirikia mwanamke huyu kwa miaka kumi na miwili. Nasema mapema, ili anayesoma asidhani nimekuja kumpamba. Jina lake silitaji. Hata yeye hakututaja majina. Alituita kwa tulikotoka. Mimi nilikuwa "wewe wa Kabuga." Rafiki yangu Claudine alikuwa "wewe wa Nyabugogo," kwa sababu mama yake aliuza nyanya za jumla pale, makreti kwa makreti, na alikuja kliniki na matope ya soko kwenye viatu.

Tulikuwa watoto wa moyo. Wengi wetu tulianza na koo. Koo liliuma utotoni, likaachwa lipone lenyewe, homa ikafuata, magoti yakavimba, na mwisho wa yote valvu za moyo zikaharibika. Mimi na Claudine tulipasuliwa wiki moja, tukiwa na miaka kumi na mitatu, tukawekewa valvu za chuma. Mtu akinyamaza karibu yetu anazisikia zikigonga, kama saa ndogo iliyofichwa ndani ya nguo. Mwenye valvu hiyo anameza warfarini kila siku ya maisha yake, ili damu isigande juu ya chuma. Ukizidisha dawa unavuja damu. Ukiiacha, damu inaganda na valvu inakwama. Kila mwezi unapimwa damu kuona kama dozi iko sawa, na kila wiki nne unachomwa penisilini ili ile homa isirudi.

Tulitibiwa jengo la watoto. Ukifika miaka kumi na sita ulihamishiwa jengo la watu wazima, ng'ambo ya ua. Hatua kama mia moja hivi. Watu walikufa ndani ya hatua hizo. Hawakuanguka uani, hapana. Walikwenda ng'ambo, hawakueleweka, hawakuuliza, wakarudi nyumbani, na hakuna aliyewatafuta. Kwenye daftari la watoto waliandikwa "amehamishwa." Kwenye daftari la wakubwa hawakuandikwa kabisa.

Nesi aliliona hilo kabla ya madaktari, au niseme yeye ndiye aliyekasirika kwanza. Hakuna aliyemwagiza kufanya alichokifanya. Aliomba stoo iliyokuwa inawekwa chupa za dripu, mwisho wa korido, akaingiza mabenchi mawili, akatangaza kwamba kila Alhamisi mchana mtoto wa moyo aliyetimiza miaka kumi na miwili aje pale. Dirisha lilikuwa halifunguki. Tulinuka jasho na dawa ya kusafishia sakafu.

Somo la kwanza lilikuwa mlango. Tulikuwa kama saba. Alitutoa kwenye korido, akamsimamisha mmoja wetu katikati ya mlango wa wodi, akatuambia sisi wengine ni damu.

"Piteni."

Tukapita, mmoja mmoja, tukibanana na yule aliyesimama.

"Mnaona? Mlango haufunguki vizuri. Damu inapanga foleni. Mnapanga foleni wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma ni wapi?"

Hatukujua.

"Kwenye mapafu. Ndiyo maana mlikuwa hamwezi kulala chali. Sasa wewe toka hapo mlangoni. Mlango uko wazi. Piteni halafu mrudi, maana hakuna wa kuwazuia. Hiyo ni valvu inayovuja."

Tulipita na kurudi, tukacheka, tukachoka upesi kama kawaida yetu. Muuguzi mwingine akaja kutufukuza. Nesi akamwambia, bila kumtazama, "Subiri. Damu bado haijafika." Nimeelezwa moyo wangu na madaktari bingwa wanne tangu siku ile. Hakuna aliyenieleza vizuri kuliko mlango ule.

Aliongea nasi Kiswahili, hasa mimi na Claudine. Alikulia Tanzania, upande wa Ngara, na kilikuwa Kiswahili cha kunyooka, tofauti na cha mama yangu aliyekulia Bujumbura, na tofauti kabisa na kile cha sokoni cha Claudine. Wengine aliwapa Kinyarwanda. Lakini akikasirika alirudi kwenye Kiswahili, hivyo wote walijua maneno kama "uzembe" na "upuuzi" hata kama hawakujua kuomba maji kwa lugha hiyo.

Wazazi walimwogopa. Kanuni yake ilikuwa kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili anaongea na nesi peke yake dakika tano, mama akiwa nje. Wa kumi na tatu, dakika kumi. Wa kumi na nne, muda wote. Siku ya kwanza mama yangu aligoma kutoka.

"Mimi ndiye niliyemzaa, muganga. Mimi ndiye najua dawa zake."

"Umemzaa, hongera. Ukifa kesho nani atazijua?"

Mama alishika mkoba wake kana kwamba amepigwa. Sisi watu wa Rwanda hatuambiani hivyo. Alitoka, akasimama koridoni akilia, na mimi nikamchukia nesi kwa mara ya kwanza. Kisha nesi akafunga mlango, akaniuliza nameza nini, kiasi gani, saa ngapi, kwa ajili gani. Nilijua rangi ya kidonge tu.

"Unaona?" akasema. "Umetembea na bomu kifuani miezi yote hii, na anayejua kulitegua yuko koridoni analia."

Hivyo ndivyo alivyosema na mtoto wa miaka kumi na mitatu. Sijui kama ni haki. Najua kwamba wiki iliyofuata nilitaja kila kitu bila kusita.

Mazoezi tuliyoyachukia zaidi yalikuwa ya simu. Alikaa chumba cha pili na simu yake, sisi tukampigia, naye alijifanya karani wa mapokezi jengo la watu wazima. Alikuwa mwigizaji hatari. Sauti ilibadilika, ikawa ya mtu anayetafuna kitu.

"Nini?"

"Mwaramutse, naitwa..."

"Sikuulizi jina. Faili namba ngapi?"

"Sina namba, nimehamishwa kutoka..."

"Huna faili, huna daktari. Rudi mwezi ujao."

Anakata. Unatakiwa upige tena. Claudine alikuwa analia kila mara, analia huku anacheka kwa aibu, na nesi alimrudisha kwenye simu kila mara. "Sema: nina valvu ya chuma. Sema: siwezi kusubiri mwezi. Sema: nipe jina lako, nitamwambia daktari kwamba umenirudisha. Huko hakuna pipi, wewe wa Nyabugogo!" Claudine hakuwahi kufika mwisho wa sentensi ya tatu. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye mikono ya haraka, anayejua kumsuka mtu nywele huku anasimulia habari za soko lote, lakini ukimpa mtu mwenye mamlaka, hata wa kuigiza, ulimi ulimkauka.

Mimi nilifaulu. Nilikuwa na hasira za kutosha. Na siku nilipovuka ua na barua yangu, nikiwa na miaka kumi na sita na wiki moja, karani wa kweli aliniambia, neno kwa neno, "Huna faili, huna daktari." Karibu nicheke. Nikamwambia kuhusu valvu ya chuma, nikamwomba jina lake. Faili ilipatikana baada ya robo saa.

Miaka michache baadaye nilikwenda kung'olewa jino Remera. Daktari wa meno, kijana mwenye haraka, akasema, "Fungua mdomo, hii kazi iko ya dakika mbili."

"Bado. Kwanza nipimwe damu. Na kuna dawa ya kumeza kabla, kwa sababu ya valvu."

"Nani amekwambia?"

"Nesi."

"Nesi gani?"

Nikafunga mdomo. Akapiga simu kwa mkubwa wake, akarudi ameshika sikio, akaniandikia kipimo. Damu yangu siku hiyo ilikuwa nyepesi mno. Angeling'oa jino lile ningevuja damu kwenye kiti chake mpaka nizimie. Kwa hiyo uhai wangu nadaiwa na mwanamke yule zaidi ya mara moja, na hilo linanikera, kwa sababu ni vigumu kumkasirikia mtu kwa raha ukiwa unapumua kwa ajili yake.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Alitukataza chumvi mpaka tukaota ndoto zake, na yeye alikuwa na karanga za chumvi kwenye mfuko wa koti, alizitafuna akituandikia dozi. Claudine alipomuuliza, alisema, "Moyo wangu mzima. Wako umeshonwa. Tusifananishe." Alitukataza kulia, na mara mbili nilimkuta amesimama nyuma ya makabati akilia bila sauti, mikono imening'inia, kama mtu aliyesahau analia. Rozari ilikaa mfuko mmoja na karanga. Alisali kila asubuhi kanisani kabla ya kazi, na alikuwa mtu wa haya, haya za kizamani, mwanamke asiyeweza kusema "hedhi" bila kuangalia dirisha.

Hapo ndipo ninapofika.

Alitutengenezea kijitabu. Alikiandika mwenyewe kwa mkono, akakitoa kopi, akavibana kwa pini. Kurasa nane. Moyo na milango yake. Dawa. Kipimo cha damu. Meno. Chakula. Nani wa kumpigia simu. Ukurasa wa saba ulikuwa na kichwa "Wasichana," na chini yake mstari mmoja: *Ukiolewa, muulize daktari.* Ukurasa mzima uliobaki ulikuwa mweupe. Wavulana walipata kijitabu hichohicho na hawakuandikiwa chochote.

Hakusema kwamba warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hakusema kwamba kwa moyo kama wetu mimba ni mzigo unaoweza kuua, na kwamba zipo njia za kuizuia, na kwamba ikitokea mtu asiache dawa kwa akili yake, akimbie hospitali siku hiyohiyo, watambadilishia dawa na kumwangalia. Mwanamke aliyeweza kumwambia mtoto wa miaka kumi na mitatu kwamba ana bomu kifuani hakuweza kumwambia binti wa kumi na sita kwamba mimba inapatikana kitandani na haingoji harusi. Nilimuuliza mara moja, juu ya ule mstari. Aliangalia dirisha lisilofunguka. "Wakati ukifika," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Sasa jambo la pili. Kabla ya zamu ya Claudine kuhama, nesi alimpoteza kijana mmoja wa Rwamagana, mwanafunzi wa sekondari. Alimhamisha na barua nzuri, akamfanyia mazoezi yote. Ng'ambo hawakuiona barua. Wakamwambia arudi mwezi ujao, akarudi, wakamwambia daktari yuko semina. Akaacha sindano. Habari zilimfikia nesi baada ya mazishi. Siku hiyo alivuka ua na koti lake jeupe, akaingia mapokezi ya watu wazima, akaipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe cha chai kikaanguka. "Mlimwambia arudi mwezi ujao! Haya, muiteni! Muiteni arudi!" Nilikuwa pale kwenye foleni. Wagonjwa walisimama. Mlinzi alimshika mkono, akamtoa nje polepole, kama mtu anayemtoa mama yake. Nesi aliandikiwa onyo. Karani hakuandikiwa kitu.

Baada ya hapo ilifika zamu ya Claudine, na nesi hakumhamisha. Kwenye kadi aliandika umri mdogo kuliko wake. Claudine alinionyesha akicheka: "Angalia, Nesi amenifanya mtoto. Kwake mimi iko kumi na nne tena." Umbo lake dogo lilisaidia, daktari wa watoto hakuuliza. Kadi ilipokaribia miaka kumi na sita akamwandikia uongo tena. Nilimuuliza nesi kwa nini mimi nilisukumwa na mwenzangu amefichwa.

"Yeye hayuko tayari."

"Atakuwa tayari lini?"

"Akimaliza sentensi ya tatu."

Kwa hiyo mtu mzima alibaki kwenye kliniki ya watoto, akapimwa uzito kwenye mizani yenye picha ya twiga, akaulizwa maswali ya watoto. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anasuka nywele kwenye saluni ya Nyabugogo, na alikuwa na mpenzi, dereva wa kampuni ya mabasi, kijana mpole aliyemletea mananasi. Mtoto wa miaka kumi na tano wa kwenye kadi hakuulizwa kuhusu mpenzi. Angeulizwa na nani? Na nesi yule, anayeangalia dirisha?

Alipopata mimba alikwenda kituo cha afya cha mtaani kwao. Pale mtu fulani, labda mjamzito mwenzake kwenye benchi, alimwambia kwamba dawa za kufanya damu nyepesi zinaharibu mtoto. Ilikuwa kweli, nusu ya kweli. Akaziacha siku hiyohiyo. Alhamisi alikuja kliniki kama kawaida, akaulizwa kama anameza dawa, akasema ndiyo. Nesi akampima damu, akaona majibu yako chini kabisa, akampigia kelele mbele ya watoto. "Unachezea valvu! Unafikiri kuna nyingine dukani?" Claudine aliinamisha kichwa. Swali moja tu lingetosha. Hakulipata, na mwenyewe hakuweza kuanza. Yule nesi aliyetuambia kila wiki tuseme, tuseme, tuseme, alisimama mbele yake akiwa yeye ndiye karani mkali kuliko wote.

Hakurudi Alhamisi iliyofuata. Wiki hiyo valvu ilikwama. Alianza kuhema sokoni, kwenye kibanda cha mama yake, akakalishwa juu ya kreti, wakamtafutia gari. Alifia njiani. Mimba ilikuwa na miezi minne. Mama yake alijua kuhusu mimba kutoka kwa daktari aliyeandika cheti.

Msibani nesi alikuja akakaa na wanawake, rozari mkononi. Mimi sikumsalimia. Mwezi mmoja baadaye nilipita jengo la watoto kuchukua karatasi zangu za zamani, nikaona kijitabu kipya juu ya meza. Nikakifungua moja kwa moja ukurasa wa saba, nikitumaini. Kilikuwa na kurasa saba tu, na wa saba ulikuwa ule wa nambari za simu. Hakuandika tulichohitaji kuambiwa. Aliuondoa ukurasa.

Nilitoka bila kumuaga, na hatukusemezana tena kwa miaka kumi na miwili.

Mwaka huu amestaafu. Hospitali na wafadhili walimfanyia sherehe kwenye ukumbi wa hoteli Kimihurura, na mimi nikapigiwa simu, kwa sauti tamu, niende kutoa ushuhuda. Nilikuwa mfano mzuri: nina kazi ya uhasibu, navaa vizuri, nafika kliniki kwa wakati. Nilitaka kukataa. Halafu nikakubali, na usiku wa kuamkia siku hiyo sikupata usingizi kwa kujua kwamba sitasema walichotaka.

Ukumbi ulikuwa na vitambaa vyeupe kwenye viti na chupa za Fanta zimepangwa kwa rangi. Nesi alikaa mbele, amevaa mushanana wa kijani, amenyoosha mgongo, mnene kidogo kuliko zamani. Mkubwa mmoja alisoma hotuba. Alisema mengi ya kweli. Kisha akasema, "Katika miaka yake yote, hakuna mtoto hata mmoja aliyepotea mikononi mwake." Watu wakapiga makofi. Nikamtazama nesi. Alikuwa anaangalia dirisha.

Waliponipa kipaza sauti nilisema jina la Claudine. Nilisema alikuwa na valvu kama yangu, alipasuliwa wiki moja nami, na alikufa na mimba ya miezi minne kwa sababu kwenye chumba kile tulifundishwa mambo yote isipokuwa moja. Nikasema nesi huyu aliniokoa mimi, na kwa Claudine alinyamaza, na hospitali nzima ilinyamaza pamoja naye, kwani walimwachia mwanamke mmoja na stoo moja kazi ya jengo zima, kisha leo wanampa kikapu na uongo. Nikasema wapo mabinti ambao Alhamisi hii wanakaa kwenye mabenchi yale bila kujua. Mshereheshaji alikuja akanishika kiwiko, akicheka na ukumbi. "Turashimira cyane," akasema, tunashukuru sana, akanitoa kipaza sauti mkononi. Muziki ukawekwa.

Nilitoka nje. Valvu ilikuwa inagonga mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka kutafuta sauti inakotoka. Nilikuwa kwenye ngazi, naita moto, pikipiki ya abiria, kwa simu, niliposikia viatu nyuma yangu.

"Wewe wa Kabuga."

Alikuwa peke yake, ameshika kikapu cha zawadi kilichofungwa kwa nailoni. Nikangoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo miaka yote.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Umesema nilinyamaza. Ni kweli, nilinyamaza. Na umri je? Mbona hukuwaambia kwamba niliandika uongo kwenye kadi yake, mara mbili?"

"Sikutaka kukuaibisha zaidi."

"Nani kakutuma unihurumie?" Sauti ilikuwa ileile ya kwenye simu. "Angekwenda ng'ambo labda wangempoteza, kama yule wa Rwamagana. Au labda angekutana na daktari asiyeona haya, akamuuliza swali moja. Nilimnyima hata hiyo labda. Ulitakiwa uliseme hilo. Lilikuwa ndilo baya kuliko yote."

"Na ule ukurasa? Kwa nini uliutoa?"

Aliweka kikapu chini, juu ya ngazi.

"Nilikaa na kalamu jioni tatu. Kila nikianza naona kile kichwa chake kimeinama, ninavyompigia kelele. Nikautoa. Ulikuwa woga. Usinitafutie neno lingine."

Kutoka ukumbini walikuwa wanapiga makofi tena, kwa ajili ya mtu mwingine. Nilikuwa nimefika na hasira ya mtu mwenye haki, na yeye aliikubali yote, hakuniachia hata kidogo cha kushika. Ndipo likanitoka neno ambalo sikuwa nimemwambia mama yangu, wala padri, wala mama yake Claudine.

"Nesi, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mimba. Na kwamba ameacha dawa. Alinipigia simu. Alisema nisikwambie, utamwona mhuni, utamfukuza kwenye chumba. Nilijua warfarini haiachwi. Ulinifundisha mwenyewe. Nilikuwa na nambari yako. Nikamwambia sawa, sitasema."

Nilimwona akihesabu kitu kichwani, midomo ikitikisika kidogo kama alipokuwa anapiga hesabu za dozi.

"Lini alikupigia?"

"Wiki mbili kabla."

"Wewe ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Alinitazama usoni, moja kwa moja.

"Mimi nilikuwa na hamsini na mbili," akasema.